Mlango Usiogongwa

Pale buchani sheria ilikuwa moja, na hata mlevi angeikumbuka: ukiingia chumba cha baridi, tundika aproni yako kwenye kitasa cha nje, anayefunga ajue ndani kuna mtu. Kitasa cha ndani kilikufa zamani, na tajiri aliapa kila mwezi kukitengeneza. Siku ile Mama Mizani, mpima nyama wa miaka tisa, alikuwa amesahau sweta nyumbani, basi akaingia na aproni yake mwilini. Msumeno, mkata mifupa, alipita, akaona kitasa hakina kitu, akausukuma mlango na kwenda zake akipiga mluzi.

Mtu mwingine angepiga kelele. Mama Mizani alipiga magoti.

Ndivyo alivyolelewa. Shangazi yake, aliyemchukua akiwa yatima wa miaka mitano, alimfungia stoo kwa kila kosa, hata la kumwaga maji. "Omba," alimwambia kupitia mlangoni. "Na usigonge. Anayegonga hajatubu, Mungu hamfungulii." Aligonga mara moja tu, akakaa humo hadi kesho yake. Tangu hapo akajua kwamba Mungu ndiye mwenye ufunguo, anasimama nje akisikiliza kama umenyamaza vya kutosha. Tusiidharau imani hiyo, ilimvusha mengi. Alimzika mume wake bila kutoa sauti, na waombolezaji wakamsifu.

Sasa, katikati ya mapaja ya ng'ombe yaliyoning'inia, akaanza kuungama. Alimsengenya jirani. Alimpunja mteja robo kilo. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, akavibana kwapani na kuendelea. Nje, msumeno ulinyamaza. Kisha akasikia maji yakimwagwa sakafuni na fagio likikwaruza. Walikuwa wanasafisha wafunge, na kesho ilikuwa sikukuu.

"Na asubuhi nilimfungia mtoto," akaungama.

Binti yake wa miaka sita alikuwa amelamba sukari akakana. Alimfungia chumbani, akamwambia apige magoti, aombe, asigonge. Alikusudia kurudi mchana kumfungulia. Mchana ulikuwa umeshapita, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Majirani wangepita mlangoni pale siku mbili nzima wasisikie kitu, maana mtoto yule ni msikivu kupita kiasi.

Akaupapasa ufunguo. Hapo ndipo alipoogopa kweli, na haukuwa woga wa baridi wala wa kufa.

"Mungu wangu, nisamehe, nagonga," alisema. Akanyakua kulabu ya nyama, akaupiga mlango kwa nguvu zote, akilia kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu utotoni.

Msumeno alifungua, kofuli mkononi, amesawijika. "We mama, si ungegonga mapema? Nilikuwa naondoka hadi keshokutwa."

Mama Mizani alikimbia na aproni yake yenye damu, watu wakimpisha njiani. Mlangoni kwake alisimama akasikiliza. Kimya. Ufunguo ukakosa tundu mara mbili.

Mtoto alikuwa magotini palepale alipomwacha, gauni limelowa mkojo, midomo imekauka. Alimtazama mama yake kwa hofu, kisha kwa fahari kidogo.

"Mama, sikugonga," alisema. "Hata mara moja."