Mgeni wa Maabara ya Biolojia

Katika shule yetu kitunguu hakitajwi. Shule ni ya wadhamini wa Kijaini, dini ya Kihindi inayokataza kuua kiumbe chochote, na Mjaini wa kweli hali kitu kilichokulia chini ya ardhi, kwa sababu katika kitu cha namna hiyo mna roho zisizo na idadi. Lakini bodi ya mitihani ya Gujarat haina dini, na inataka kila mtahiniwa wa biolojia aonyeshe jinsi seli inavyogawanyika, kwa kutumia ncha ya mzizi wa kitunguu. Kwa hiyo kila mwaka mimi, Ramnik Vaghela, mhudumu wa maabara, naingiza vitunguu vinane getini, chini ya nguo ya kupigia deki. Mlinzi huangalia juu kama anatafuta mvua. Kwenye daftari la mahitaji vinaandikwa “mimea ya maua”, na Mwalimu Nirupama wa biolojia huniuliza kwa sauti ya chini, “Mgeni amefika?”

Namjibu amefika, anaota mizizi.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Unakikalisha kitunguu juu ya mdomo wa chupa ya maji, na baada ya siku tatu nne kinashusha mizizi myeupe. Unaikata ncha, unaidondoshea rangi nyekundu, unaipasha moto kidogo juu ya taa ya spiriti, unaifunika kwa kioo chembamba, kisha unaiponda kwa kidole gumba. Ukitazama kwa hadubini unaziona seli zimejipanga kama matofali. Nyingi zimetulia. Chache zipo kazini: nyuzi zimejinyoosha ndani yake, zimepanga mstari katikati, zinavutwa nusu huku nusu kule, mpaka moja inakuwa mbili. Nimeyaona hayo miaka ishirini na miwili na mshahara wangu haujagawanyika hata mara moja.

Mwaka huu alikuwepo Mokshita Dosi. Msichana mwembamba, miwani mizito, kichwa ambacho Mwalimu Nirupama alikuwa akikiombea dua. Alitaka udaktari. Baba yake, mwenye duka la sari, alikuwa amempa sharti mbele ya ukoo mzima: apate alama zote za mtihani wa vitendo, asome; ikipungua moja, arudi dukani kukunja sari. Na huyo Mokshita alikuwa ameshika nadhiri kwa bibi yake: kiumbe chochote atakachokiua kwa mkono wake, atakikiri mbele ya mtawa, kwa idadi kamili, naye mtawa atampa mfungo wa kulipia.

Siku za mazoezi alikuwa anatazama vioo vya zamani tu, vilivyoandaliwa kiwandani. Wenzake walimtania. “Moksha, kitunguu kimekuuliza hali!” Alikuwa anajibu, “Kisalimieni,” bila kucheka.

Siku ya mtihani kila mtahiniwa huchukua kikaratasi kutoka kwenye bakuli. Vikaratasi ni vya aina tano. Kuna chavua, kuna ngozi ya jani, kuna mate na wanga. Mokshita alifumba macho, akachukua, akafungua.

“Mgeni,” akasema.

Mwalimu Nirupama aliketi chini. Mtahini, Daktari Bhupat Jadeja wa chuo cha wilaya jirani, hakuelewa kwa nini mwalimu mzima ameishiwa nguvu kwa sababu ya kitunguu. Alikuwa mtu wa sheria, kalamu tatu mfukoni, na sheria haibadilishi kikaratasi.

Mokshita alisimama mbele ya kisahani cha ncha za mizizi kwa dakika nzima. Kisha akainama, akanong’ona maneno ya kuomba radhi, akachukua ncha ya mzizi na kuiponda vizuri kuliko mtahiniwa yeyote niliyewahi kumwona. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Swali lilikuwa hili: hesabu seli, sema ngapi zinagawanyika, chora moja. Hapo niseme ukweli ambao wote mle tunaujua. Hakuna anayehesabu. Kitabu kinasema ni kama kumi katika mia, kwa hiyo watoto wote huandika kumi, na mjanja huandika kumi na moja ili asifanane na jirani. Mokshita alihesabu. Safu kwa safu, kutoka kona ya juu, akichora vijiti vitano vitano kwenye karatasi ya pembeni. Saa ya kwanza ikapita. Saa ya pili ikapita. Karatasi ya majibu ilikuwa na jina lake tu.

Zilipobaki dakika kumi na tano akanyoosha mkono.

“Bwana, naomba kuuliza. Hii hapa, nyuzi zake zimeshafika pande zote mbili. Ukuta wa katikati umeanza kujengwa, lakini haujagusa kingo. Ni moja au mbili?”

Daktari Jadeja akainama kwenye hadubini. Akakaa humo muda mrefu.

“Andika moja.”

“Una hakika, bwana? Siulizi kwa ajili ya mtihani.”

“Kwa ajili ya nini basi?”

“Nitakapokiri. Nimeua mmoja au wawili?”

Mtahini akatoa kalamu mfukoni, akairudisha. “Kwa mtihani ni moja,” akasema. “Kwa hilo lingine bodi haikunituma.”

Akarudi mezani kwake. Mokshita akaweka penseli mezani, akaikodolea macho ile seli. Zimebaki dakika kumi na mbili, hajachora, hajaandika, na duka la sari linamsubiri. Mwalimu Nirupama alikuwa anang’ata ncha ya sari yake mwenyewe. Mimi roho iliniuma. Mhudumu haruhusiwi kusema na mtahiniwa. Anaweza kufukuzwa kazi hapohapo. Nikachukua chupa ya maji, nikajifanya naongeza kwenye kisahani chake.

“Binti, andika,” nikamwambia. “Hao wamekufa.”

“Najua, Mjomba. Nimewaponda.”

“Hukuwaua wewe. Uliponda maiti. Niliikata mizizi mimi juzi asubuhi, nikaitia kwenye spiriti. Kile kitunguu kizima kilicho mezani ni cha kumfurahisha mtahini.”

Akanigeukia. “Juzi?”

“Juzi, saa tatu.”

“Mhudumu!” Daktari Jadeja akaita. “Unaongea na mtahiniwa?”

“Nampa habari ya msiba, bwana.”

Alinitazama, akamtazama yule binti, kisha akaanza kusoma tangazo la zimamoto lililobandikwa ukutani kwa makini makubwa. Mpaka leo namheshimu mtu yule.

“Kwa nini saa tatu?” Mokshita akauliza.

Sikuwahi kuulizwa hivyo. “Ndiyo saa yao,” nikasema. “Asubuhi ile ndipo wengi wanapogawanyika. Ukikata mchana unawakuta wametulia, na huoni kitu.”

“Kwa hiyo unasubiri waanze.”

“Nasubiri waanze.”

Akavuta karatasi ya majibu, akachora ile seli kwa dakika tano, nyuzi huku, nyuzi kule, ukuta usiofika. Akaandika: seli elfu moja mia moja arobaini na tatu, zinazogawanyika mia moja na nane. Kengele ikalia.

Daktari Jadeja alisoma kumi, kumi, kumi na moja, kumi, kumi. Alipofika kwa Mokshita akavua miwani. Akampa alama nane kwa nane, na kwa mkono wake akaandika pembeni: “Huyu amehesabu.” Mwalimu Nirupama alilia waziwazi, kwa furaha. Msichana yule ataenda kusoma, na sari zitakunjwa na mwingine.

Nilikuwa nasafisha vioo alipokuja mezani kwangu na ile karatasi ya vijiti. Akaikunja mara mbili, akaniwekea kiganjani kwa mikono yake miwili, kama mtu anavyomkabidhi mwenyewe kitu chake.

“Zako, Mjomba,” akasema kwa upole. “Ile ya ukuta usiofika nimeihesabu mbili. Ni salama zaidi.”

Nikataka kumtania. Nikataka kumwambia mimi si Mjaini, mimi kitunguu nakila kibichi na chumvi. Badala yake nikajisikia nauliza, “Na ile miaka mingine?”

Akanitazama kama atakavyokuja kuwatazama wagonjwa wake siku moja, wale wasio na dawa.

“Hiyo hukuihesabu,” akasema.

Kesho yake sikula kutwa. Mke wangu nilimwambia ni tumbo.