Shati la Mkia

Msinione nafoka. Kufoka nimezaliwa nako, na miaka niliyokaa juu ya kreni ikanizidishia, maana kule juu ukisema kwa upole hakuna anayekusikia. Watu wa bandarini waliniita Shangazi Juu. Hata wanaume waliolingana na marehemu baba yangu waliniita hivyo hivyo, shangazi, nami nikawaitikia huku nawashushia mzigo.

Mdogo wangu walimwita Mkia. Tumetoka tumbo moja, mimi wa kwanza, yeye wa mwisho, lakini jina hilo alilipata kazini. Alikuwa kwenye genge la makuli wanaoshuka ndani ya meli kusawazisha shehena kwa beleshi. Nafaka ikimwagwa melini inakaa katikati kama kichuguu, sasa lazima watu washuke waisukume mpaka kwenye pembe, la sivyo meli itapepesuka ikifika maji makuu. Mkia alikuwa na wazimu wa pembe. Wenzake wanapanda ngazi kutoka, yeye bado anakwangua huko gizani. "Mkia, we, unapiga pasi au?" wangemwita. Naye angejibu, "Tangulieni, warembo hawaharakishwi!" Kila siku wa mwisho kutoka ni yeye.

Sasa sisi tulikuwa na utaratibu wetu. Tumbo la meli tunaliita shimo. Kila anayeshuka shimoni anavua shati alilotoka nalo nyumbani na kulitundika kwenye reli, pale ukingoni. Akipanda, analichukua. Shati lako unalitoa wewe mwenyewe, hata ndugu wa damu hakutolei. Mimi kule juu sikuwa na haja ya kuuliza mtu. Nikiona shati relini, kifuniko cha shimo sikishushi, hata mkubwa gani aje apige magoti. Reli ikiwa tupu, nafunga. Hatukuandikiwa popote. Tuliwakuta waliotutangulia wanafanya hivyo, nasi tukafanya.

Na msidhani tulikuwa waoga wa bure. Iko mizigo inayokula hewa. Mashudu, kwa mfano, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta. Ukiyaona yamelala hivi unasema haya hayana neno, chakula cha ng'ombe tu. Yafungie shimoni uone. Yanapata joto yenyewe, yanaivuta hewa yote, na mtu aliyebaki humo hapewi nafasi ya kulia mara mbili. Kuli yeyote anayajua hayo kabla hajajua kushika beleshi.

Kisha yakaja mageuzi. Sitasema uongo, yalihitajika. Bandari yetu ilikuwa aibu tupu. Meli zilisubiri nje mpaka mabaharia wanaota ndevu. Vitunguu vilioza, saruji iliganda mifukoni, na mtu akifuata kontena lake anazungushwa ofisi hii na ile mpaka viatu vinaisha soli. Kwa hiyo ilipoletwa kampuni mpya, na kreni mpya, na meneja mpya kijana wa kunong'ona, tulipiga makofi. Mimi mwenyewe nilipiga. Kreni ilikuwa na kiyoyozi, jamani! Nani asingepiga makofi?

Meneja hakuwa mtu mbaya, naomba nieleweke. Kila asubuhi, "Shikamoo, Shangazi," kwa heshima zote. Ila aliiamini skrini kuliko macho. Aliweka geti la kadi kwenye gati: ukienda melini unagonga kadi, ukitoka unagonga, na skrini inasema shimoni wamebaki wangapi. Mashati akayapiga marufuku. "Hapa si kwenye kamba ya kuanikia nguo," alisema mkutanoni, na watu wakaangua kicheko, maana alikuwa na utani wake. Wenye meli wanakuja kutukagua, bandari ya kisasa haitundiki matambara. Kila mtu akapewa kizibao cha kung'aa na akaambiwa asikivue.

Haukupita muda nikaingia matatani. Wingu zito lilikuwa linakuja, shimo limejaa ngano, redio ikaniambia, "Shimo sifuri, Shangazi, funga." Nikatazama reli. Tupu. Lakini sasa reli ilikuwa tupu saa zote, mtu awemo asiwemo! Na Mkia sikumwona akitoka. Moyo ukaniambia usifunge. Nikakataa kata kata, nikasema ashuke mtu akaangalie. Walivyobishana mpaka akashuka mtu, mvua ikatukuta, ngano ikalowa. Na shimoni hamkuwa na mtu. Mkia bwana alikuwa kantini, miguu juu ya kiti, anakunywa chai.

Walinicheka hao! Wakawa wananiuliza kama nimeona jini. Meneja hakufoka, na laiti angefoka. Alininong'oneza tu, "Shangazi, umechoka. Shuka chini upumzike." Kreni akapewa binti niliyemfundisha mwenyewe, na mimi nikawekwa kwenye kijumba cha geti, kutunza vitu vilivyookotwa. Helmeti, miwani, kiatu kimoja kimoja, na meno ya bandia ambayo mwenyewe hakuthubutu kuja kuyadai.

Dirisha la kijumba hicho lilitazama geti la kadi, na hapo ndipo roho yangu ilipoanza kukosa raha. Nilimwona Tipa, yule mnene rafiki wa Mkia, anagonga kadi, ti, halafu nyingine, ti, halafu nyingine tena. Nikatoka nje. "Tipa, hizo ni za nani?"

"Za wenzangu, Shangazi. Geti moja, genge zima, foleni unaiona. Ukichelewa kugonga, zamu ya kesho mfumo unakufungia. Na Mkia unamjua, akiachwa agonge mwenyewe atafungiwa zamu kila siku. Tunabebana tu."

Tunabebana. Ndivyo walivyozoea, mmoja akielemewa wanambeba, na mimi nawapenda kwa hilo mpaka leo. Lakini damu ilinisisimka. Nilikwenda siku ile ile kwa meneja nikamwambia kadi zinagongwa na watu wasio wenyewe. Alinisikiliza vizuri, akanishukuru. "Geti la pili liko njiani, Shangazi. Litamaliza tatizo." Nikamwambia kabla halijafika turudishe mashati. Akatabasamu, akageukia skrini yake.

Jioni nikaenda kwa mama, ambako Mkia alikuwa bado anaishi, anadekezwa kama kifaranga. Nilimkuta anapigiwa pasi, tena na mama mwenyewe na magoti yake mabovu.

"Skrini haikujui wewe," nikamwambia. "Utatundika shati lako."

"Dada, nitafukuzwa kazi."

"Fukuzwa. Binti wa kreni nimemfundisha mimi, akiona shati hafungi. Niahidi."

Aliona sitanii. "Haya, mama mkubwa, naahidi. Nitatundika lile la drafti ulilonishonea kola kwa uzi mwekundu, kama fundi kalewa. Hata kipofu atalijua."

Mama akauliza tunanong'ona nini. "Mambo ya kufua nguo, mama," Mkia akasema, na mama akaridhika.

Siku ya wageni ilifika. Wenye meli wenyewe, suti kwa suti, walikuja kuona bandari inavyoharakisha. Meli iliyofunga gati ilikuwa ya mashudu. Ilitakiwa imalize kupakiwa na iondoke mbele ya macho yao, na meneja alikuwa amewaahidi hivyo. Muziki ulipigwa kwenye spika kubwa. Jua lilikuwa kali, na harufu ya yale mashudu ilinifikia mpaka kijumbani, harufu ya kitu kinachochemka polepole. Sikupata hamu hata ya kunywa maji.

Genge likaanza kutoka. Tipa akapita na kadi zake, ti, ti, ti. Nyuma yake akaja mama wa usafi na mfuko wake, akaumwaga mezani kwangu: glavu, chupa, na shati.

"Hili nimelitoa relini meli ya mashudu," akasema akijifuta jasho. "Watu hawasikii, na wageni wanapiga picha! Nimewahi kabla hawajaliona."

Drafti. Kola uzi mwekundu.

"Umelitoa lini?"

"Sasa hivi tu. Kulikoni, Shangazi?"

Masikini, alikuwa mgeni bandarini, alikuja na kampuni. Hakuna aliyemwambia. Nikatoka mbio, nikamkamata Tipa kizibao. "Mkia yuko wapi?"

"Anakuja. Amerudi shimoni kufuata beleshi, alilisahau kwenye..."

Hakumaliza. King'ora cha kreni kililia, kile cha kusema mzigo unashuka, halafu nikasikia chuma kikikaa juu ya chuma. Sauti hiyo naijua kuliko sauti ya mlango wa nyumba yangu. Nilipiga kelele mpaka koo likapasuka. Muziki ulikuwa juu. Tipa aliangalia kadi mkononi mwake, kisha akaniangalia mimi, na uso wake ukafa.

Nilimkuta meneja katikati ya suti. Nikamwonyesha shati, nikamwambia fungua, mdogo wangu yumo. Akanivuta pembeni kwa upole. Alikuwa na ile skrini ndogo ya mkononi, akanigeuzia niione. Ilikuwa na picha ya Mkia anacheka, na pembeni alama ya kijani.

"Ametoka, Shangazi. Tazama mwenyewe. Ametoka."

"Hajatoka!"

"Hata siku ile ulisema hivi hivi," akanong'ona. "Si leo, tafadhali. Nakuomba."

Tipa akaja anahema, akasema kadi aligonga yeye. Meneja akamwangalia, akawaangalia wageni, akaiangalia tena skrini. Sikumsubiri. Nilimsukuma mtu wa suti nikapanda ngazi ya meli, mabaharia wananipigia kelele kwa lugha yao, wanaanza kulegeza kamba. Nikafika ukingoni, nikalifunga lile shati kwenye reli kwa mikono yake miwili. Nikainua uso kwenye kreni.

Binti aliniona. Redio ilikuwa inamfokea afunge shimo la mbele, nilikuja kuambiwa baadaye. Aliizima. Minyororo ikashuka, ikakishika kifuniko, na kifuniko kikapanda.

Joto lililotoka humo lilinipiga usoni. Tipa akataka kujitosa, tukamkamata watu wanne. Ukishuka kwenye mashudu kabla hewa haijaingia, mnakuwa maiti wawili. Ikabidi tusimame. Hicho ndicho kitu ambacho sitamsamehe mtu yeyote, wala Mungu wangu mwenyewe sijui kama tumeelewana: kusimama pale ukingoni, shimo liko wazi, jua linamulika ndani, na kusubiri.

Muziki ukazimwa. Genge zima lilikuwa limerudi, limejipanga relini. Mmoja akavua kizibao chake, akakiangusha chini. Wengine wakafuata.

Mkia hakuwa kwenye pembe. Alikuwa juu ya ngazi, kwenye kidato cha juu kabisa, ameikumbatia kwa mkono mmoja. Beleshi alikuwa nalo. Bapa lake lilikuwa limepinda lote, kwa vile alivyokigonga kile kifuniko.

Alikuwa amegonga, na sisi tulikuwa tunapigiwa muziki.

Walimleta, wakamlaza kwenye sitaha, na nilimfunga kifungo cha kizibao kwa sababu sikujua mikono yangu niipeleke wapi. Meneja alipanda. Alipiga magoti kabisa, akalia kwa sauti, na nilishangaa kwamba kumbe ana sauti. Skrini alikuwa ameisahau mkononi, bado inawaka, picha inacheka, alama ya kijani. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumwambia aizime.

Meli iliondoka kesho yake. Nahodha alituma mtu kuuliza vipi kuhusu lile shati kwenye reli. Makuli walitazamana. Tipa alikwenda mpaka pale, akanyoosha mkono, akaurudisha. Binti wa kreni naye alishuka, akasimama, akashindwa. Mama wa usafi hakusogea hata karibu, alilia huko huko mbali. Mwishowe nahodha akasema liacheni, nalo likaondoka vile vile, linapepea ukingoni mwa shimo lililofungwa.

Baada ya mazishi mama aliniita chumbani. Alikuwa amezitandaza nguo za Mkia kitandani, anazikunja moja moja, pasi iko tayari pembeni. Aliuliza lile la drafti liko wapi, mbona halioni.

"Liko kwenye reli, mama," nikamwambia. "Mwenyewe hajalitoa."