Maji ya Gari la Moshi

Mwaka reli ilipofika Dodoma, Mbwana alikuwa na miaka thelathini na minane, na maisha yake yote hakuwa ameijua kazi nyingine ila ya njia. Alikuwa Mrangi wa milima ya Kondoa, aliyeanza kubeba mizigo ya misafara angali hajaota ndevu. Miaka kumi ya mwisho alikuwa habebi tena. Alikuwa kirangozi, yule anayetangulia mbele ya watu mia mbili, manyoya ya mbuni kichwani na ngoma nyuma yake. Yeye ndiye aliyejua leo watalala wapi na kesho watakunywa nini. Akisimama, msafara unatua.

Ndipo likaja gari la moshi, likabeba kwa siku moja mizigo ambayo yeye na watu wake wangeitolea jasho mwezi mzima. Wafanyabiashara waliokuwa wakimgombea wakawa wanamwambia, "Safari hii hapana, Mbwana. Tutakuita." Hawakumwita.

Wenzake wakatawanyika. Kaka wa mkewe Batuli, aliyeitwa Msafiri, akaamua kufuata misafara ya kaskazini ambako hapakuwa na reli.

"Njoo twende, shemeji," alimwambia. "Kule kirangozi bado ni mtu."

"Na reli ikifika kule?"

"Ikifika tutakuwa tumeshakufa."

Mbwana alicheka, lakini hakwenda. Alikuwa na mke na binti yake Tabu, na shamba la mtama kwenye kitongoji cha Kikuyu, karibu na kituo. Akachukua jembe, akajiunga na mamia ya watu waliokuwa wakichimba tuta la reli kuelekea magharibi.

Kila mchimbaji alipewa kipande, karatasi ngumu yenye nafasi thelathini, na kila jioni karani aliweka alama moja. Karani huyo aliitwa Bartolomayo, Mgogo aliyesomeshwa na wamisionari, ambaye pia aliwafundisha watu wazima kusoma kule misheni, mtu wa maneno machache. Kipande kikijaa unapewa kingine, ikiwa kazi ingalipo. Hapo ndipo Mbwana alipoanza kupata mashaka. Kila siku tuta lilisogea mbele, na kadiri watu walivyochapa kazi ndivyo walivyoikaribia siku ya kuachishwa. Wengi hawakulitazama jambo hilo. Walihesabu alama zao tu. Lakini kirangozi amezoea kutazama mbele. Mbwana akajiuliza: siku reli itakapokuwa imekwisha kujengwa, ni kitu gani hapa Dodoma kitakachokuwa bado kinatakiwa?

Jumapili moja alikwenda kituoni akakaa tangu asubuhi. Gari la moshi likaja kutoka Morogoro, likasimama chini ya tangi, likanywa maji, likaondoka. Jioni likarudi, likanywa tena.

"Linakunywa kuliko zizi zima la ng'ombe," alimwambia Batuli aliporudi. "Na kiu yake haiishi."

"Sasa?"

"Sasa anayelinywesha, huyo hataachishwa."

Maji yalivutwa kwa mashine ya mvuke iliyokuwa kwenye korongo la mchanga, mwendo wa nusu saa kutoka kituoni, kando ya kisima kilichojengewa mawe. Bwana wa mashine hiyo alikuwa Fundi Hassani, mtu wa Bagamoyo, mwembamba, kofia yake nyeupe hata pale kwenye masizi. Nafasi iliyokuwepo ilikuwa moja tu, ya kukata kuni na kuzibeba mpaka kwenye tanuru. Mbwana akaichukua.

Siku moja alikutana na wapagazi wa zamani njiani, mzigo wa kuni kichwani. Mmoja akapaza sauti, "Kirangozi! Ngoma yako iko wapi?" Wengine wakacheka. Mbwana alitua mzigo, akawasalimu mmoja mmoja kwa jina lake, akawauliza habari za watoto, kisha akajitwika tena. Lakini alipofika nyumbani hakugusa ugali.

"Unaumwa?" Batuli aliuliza.

"Siumwi."

"Basi kula, Baba Tabu. Aibu haishibishi."

Akala.

Fundi Hassani hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mgumu. Kila alipotaka kuifungua mashine aliwatuma wasaidizi wote kuni, hata kama lundo lilikuwa limefikia paa. Mbwana alipomuuliza, "Fundi, mbona asubuhi inakohoa?" alijibiwa neno moja: "Kuni." Maana yake, ondoka hapa.

Kwa kuwa macho yake yalizuiwa, Mbwana akatumia masikio. Akiwa mbali porini na shoka lake alisikiliza mashine, na kwa muda wa mwaka na nusu akazijua sauti zake kama mama anavyokijua kilio cha mwanawe. Alijua inapovuta mchanga. Alijua maji yanapopungua kisimani. Asubuhi moja alishindwa kujizuia.

"Fundi, ile ngozi ya ndani inayosukuma maji imekaribia kupasuka. Sikiliza."

Hassani aligeuka. "Nani amekuambia kuna ngozi ndani?"

"Umetupa ya zamani jalalani, nikaiokota. Imelika upande mmoja."

"Kuni," alisema Hassani. Kesho yake mashine ikasimama, na ngozi ilipotolewa ilikuwa imepasuka. Fundi aliibadilisha peke yake.

Mwaka wa 1912 reli ikafika Tabora. Injinia Mdachi aliyesimamia maji ya njia ile alikuja korongoni, akaketi juu ya gogo na kumwambia Hassani kwamba Tabora wanatafuta fundi mkuu. Mashine tatu zitakuwa chini yake, pamoja na mafundi wadogo, na nyumba ya matofali. Mbwana, aliyekuwa akipanga kuni pembeni, aliuona uso wa Hassani ukichanua kama wa kijana aliyekubaliwa posa.

"Ukiondoka," injinia akauliza, "nani hapa ataiendesha hii?"

Hassani akageuka akawatazama watu wake. Wanne walikuwa pale, na yeye mwenyewe ndiye aliyehakikisha kwamba hakuna hata mmoja aliyejua kitu.

"Hakuna, bwana."

"Basi huwezi kwenda." Injinia akainuka, akajipangusa suruali. Wiki iliyofuata habari ilikuja kwamba Tabora amepelekwa fundi wa Morogoro, mtu aliyejifunza kazi miaka mingi baada ya Hassani.

Siku tatu Hassani aliitumikia mashine bila kuzungumza na mtu. Siku ya nne, saa sita mchana, alimwita Mbwana, akamwonyesha mahali pa kukaa.

"Mimi nilifundishwa na Mhindi mmoja Dar es Salaam," alianza. "Mtu mwema, hakunificha kitu. Siku nilipoiweza kazi, Wadachi wakamwachisha yeye, wakaniweka mimi kwa nusu ya ujira wake. Alinipa mkono akaondoka. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza. Nikaapa kwamba mimi hayatanipata. Nikafunga mlango mtu asiingie." Alitikisa kichwa. "Kumbe nimejifungia mwenyewe ndani."

Maneno yale yalikuwa na ukweli pande zote mbili.

"Na ukinifundisha," Mbwana akauliza, "halafu wakakuachisha kwa ajili yangu?"

"Ndilo ninalojiuliza."

"Fundi, mimi nimewafundisha njia watu wengi. Visima, vivuko, mahali pa kulala, kila kitu. Hakuna hata mmoja wao aliyeninyang'anya kazi. Njia yenyewe ndiyo iliyokufa, tukaipoteza kazi wote pamoja, wajuzi na wasiojua. Sikuapii kwamba Wadachi watakutendea haki. Ninachojua ni kwamba hatari niliyokuwa naiogopa haikutoka nilikokuwa nikitazama."

Hassani aliongeza kuni moja tanuruni. Kisha akachukua spana yake, akaisafisha kwa kitambaa, akamkabidhi Mbwana.

"Anza na kilango cha mvuke. Polepole. Ukikosea kitakuchuna uso."

Walifanya kazi pamoja tangu siku hiyo. Mbwana alishangaa jinsi alivyokuwa tayari anajua mengi bila kujua majina yake, na Hassani alishangaa zaidi, hata siku moja akasema, nusu kwa hasira, kwamba ameishi na mwizi wa masikio.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali. Mwezi wa Oktoba mashine ilianza kuvuta tope, na kisima kilipochimbwa zaidi wakagota mwamba. Injinia alikuja tena, akapima kwa kamba yenye jiwe, akakunja kamba yake. Alisema atafunga mahali pale. Magari yatapakia maji ya kutosha vituo vya nyuma mpaka mvua zinyeshe, na watu wote wa korongoni wataachishwa mwisho wa mwezi. Na Hassani pia.

Injinia alipokwenda kunywa chai, Mbwana alimnong'oneza Hassani, "Mimi najua maji yalipo. Juu huko, korongo linapopinda, mwamba unakatiza chini ya mchanga na kuyazuia. Tulikuwa tukichimba pale tangu enzi za hongo, misafara ilipokuwa ikilipa ushuru wa kupita."

Hassani alimshika mkono. "Basi usimwonyeshe! Kwanza akuandikie barua ya kazi. Barua kwanza, maji baadaye. Akishayaona, wewe ni nani tena?"

Lilikuwa shauri la mtu aliyepigwa na dunia, wala Mbwana hakulidharau. Alitembea kidogo kando ya korongo akilifikiri. Alikumbuka safari yake ya pili akiwa kijana, jinsi msafara ulivyokaa siku tatu kando ya kisima wakubwa wakibishania hongo, nguo ngapi na shanga ngapi, na watu wawili wakafa kwa kiu huku maji wakiyaona. Wote waliobishana walikuwa na hoja. Mbwana ndiye aliyemzika mmoja wa wale wawili.

Akarudi. "Siwezi, fundi. Maji sitayafanyia hivyo."

Alimpeleka injinia juu ya korongo. Walikuta wafugaji wa Kigogo wakinywesha ng'ombe kwenye vishimo vya mchanga, na Mbwana akawasalimu kwa Kigogo chake cha njiani, akakaa nao, akawaeleza. Mzee wao aliuliza jambo moja tu: ng'ombe watakunywa wapi? Mbwana akamgeukia injinia, akamwambia kwamba hapa patajengwa birika la mifugo kwanza, ama wenyeji hawatakubali, na mashine isiyokubaliwa na wenyeji haikai. Injinia alinung'unika, lakini akaandika kwenye daftari lake. Walipochimba mikono mitatu maji yakaja, safi, yakijaza shimo mbele ya macho yao.

Ndipo Mbwana akaomba. "Bwana, nimechoka na kipande cha siku thelathini. Nataka niandikwe kwa mwezi, kama fundi. Fundi Hassani ni shahidi kwamba naiweza mashine."

Hassani akasema, "Anaiweza. Baadhi ya mambo kunizidi."

"Nitaona," akasema injinia, akapanda kigari chake cha reli, akaenda zake.

Miezi miwili ikapita bila neno. Mashine ilihamishwa, birika likajengwa, na Mbwana akaendelea kwa kipande kilekile. Siku nyingine alijiona mjinga. Hassani hakumwambia, "Nilikuonya," ingawa ilimkaa mdomoni. Batuli alimuuliza mara moja tu, naye akajibu kwamba kazi aliyoijua mtu hainyang'anywi hata wakikunyang'anya nafasi. Akayasikia maneno yake mwenyewe, akajua kwamba bado hayaamini sawasawa.

Mvua zilikuwa zimeanza barua zilipofika, mbili kwa siku moja. Ya Hassani ilimwita kituo kikubwa huko magharibi, awe fundi mkuu. Mashine haikuwa kikwazo tena. Alifunga mizigo yake kwa nusu saa, kama mtu anayeogopa wasibadilishe nia, na kituoni alimshika Mbwana mkono kwa mikono yake yote miwili, akapanda.

Ya pili Mbwana aliipeleka ofisini kwa Bartolomayo, kwa kuwa yeye mwenyewe alijifunza kidogo hati za Kiarabu tu utotoni, na hizi zilikuwa herufi za Kizungu. Karani aliisoma taratibu. Mbwana, mtu wa Kondoa, fundi wa maji, Dodoma, ataajiriwa kwa mwezi. Ujira haukuwa wa Hassani. Ulikuwa theluthi mbili tu. Mwishoni palikuwa na mstari mmoja: kila Jumamosi fundi atatuma taarifa ya maji na ya mashine kwa maandishi.

"Kwa maandishi," Mbwana akarudia.

"Naweza kukuandikia," alisema Bartolomayo. "Utakuwa unakuja kunieleza tu."

Mbwana aliichukua barua, akaitazama mistari yake myeusi iliyojipanga kama wapagazi njiani. Mvua ilikuwa ikipiga bati la ofisi kwa nguvu.

"Ahsante, karani. Jumamosi hii niandikie," akasema. "Lakini darasa lako la watu wazima kule misheni, linaanza saa ngapi? Na Mwislamu anaruhusiwa kuketi?"

Bartolomayo aliweka kalamu chini, akamtazama mtu yule wa miaka arobaini, masizi kwenye kucha.

"Saa kumi," akajibu. "Atakayeketi, ameketi. Dini hatuulizi."