Mwaka Mpya wa Jumamosi

Mdogo wangu anaweza kupanda juu ya paa la ghala kukagua mtambo wa baridi huku upepo ukimvuta suruali, lakini mbele ya Msusi hawezi kuomba hata chumvi. Nilimbeba mgongoni mtu huyu tangu hajaota meno, kwa hiyo nina haki ya kusema hili na mengine yanayofuata.

Tunamwita Bisibisi kwa sababu hajawahi kuonekana bila bisibisi kwenye mfuko wa shati. Kazi yake ni ufundi wa majokofu. Saa zinazobaki anafufua laptopu za zamani, zile nene, nzito kama mfuko wa unga, ambazo watu wenye akili timamu walizitupa kabla nusu ya wateja wangu hawajazaliwa. Zimejaa chini ya kitanda chake na juu ya makabati yangu. Moja ilihifadhiwa ndani ya oveni yangu "kwa muda tu", na mimi nikaja kuwasha oveni. Siku hiyo hatuizungumzii.

Kila Jumamosi alasiri chama chao hukutana kwenye duka langu la ushonaji, maana nina meza kubwa ya kukatia vitambaa na soketi za kutosha. Nasema "chama chao" kwa mazoea tu, mimi mwenyewe nilinaswa zamani. Bisibisi alinipa mashine moja nijaribu kuwekea vipimo vya wateja, nikagundua kwamba chombo kile hakina intaneti, hakiniletei salamu za kuwasambazia watu kumi wala picha za maua kila asubuhi. Unaandika kiuno, nyonga, urefu wa mkono, basi. Vitufe vyake vinalia vizuri, utadhani mtu anavunja njugu. Siku hizi ukiigusa mashine yangu tutakosana.

Mwenyekiti wetu ni karani mstaafu wa mahakama, mzee anayependa kanuni kuliko chai. Daktari wa Meno naye ni mwanachama. Huleta vyuma vyake vya kazini na kusafishia kibodi, akiziambia zifungue mdomo. Halafu yupo Msusi, mwenye saluni ya jirani.

Alivyoingia Msusi ni hivi. Plastiki ya mashine hizi ikizeeka huwa ya njano, na dawa yake ni krimu ya kupausha nywele: unapaka, unafunga na nailoni, unaanika juani. Bisibisi akaingia saluni na kuomba makopo matatu. Msusi akamtazama kichwa, ambacho kinaelekea kwenye upara.

"Unampaka nani?"

"Mgonjwa wangu."

"Ana nywele ndefu?"

"Hana nywele. Ana kibodi."

Msusi akafunga saluni, akaja kuangalia, na tangu siku hiyo hajatuacha. Haikuchukua muda akawa anashika chuma cha kulehemu vizuri kuliko sisi wote, kwa sababu vidole vilivyozoea kusuka nywele nyembamba havitetemeki. Mdogo wangu alikuwa akimtazama analehemu, mdomo wazi, mpaka nikawa namwambia afunge asije akameza nzi.

Sasa lazima nieleze ule wazimu wa mwaka mpya. Ndani ya laptopu kuna kibetri kidogo ambacho kazi yake ni kuikumbusha tarehe hata ikiwa imezimwa. Miaka ikienda kibetri hufa, na mashine husahau. Zile za zamani sana, ukiziwasha zinaamini kwamba leo ni tarehe mosi Januari, mwaka elfu moja mia tisa themanini. Zinaiandika tarehe hiyo kwenye kioo bila aibu, kisha zinasubiri. Ukitaka kusahihisha, andika nyingine. Ukiridhika, bonyeza kitufe kikubwa cha kulia, mambo yaendelee.

Watu wa chama hiki waliona ni utovu wa adabu kusahihisha papo hapo. Kiumbe kimetoka kufufuka, kinakwambia ni mwaka mpya, unaanzaje kukibishia? Kwa hiyo mashine ikiamka wote tunasimama, tunapeana mikono, heri ya mwaka mpya, heri ya mwaka mpya, na mwenye mashine anatoa ahadi yake ya mwaka mbele ya wote. Ukiivunja ahadi, mashine yako inahamia kwa mwingine. Daktari aliahidi kumpigia simu mama yake kila mchana, na anampigia, hata kama mgonjwa yuko kwenye kiti ameachama. Mwenyekiti aliahidi kuacha kusahihisha maneno ya watu, akapoteza mashine dakika ileile kwa kumsahihisha aliyempongeza. Kuna Jumamosi tulisherehekea mwaka mpya mara nne kabla jua halijazama. Mashine nyingine ya Mwenyekiti, anayochapia mihtasari, haina kibetri na hajawahi kuisahihisha, kwa hiyo ukisoma kumbukumbu zetu utaona kwamba mikutano yote ya chama ilifanyika siku moja.

Bisibisi akapata wazo lake hapo.

"Dada, nitamwambia kwenye mwaka mpya," aliniambia. "Nikishaahidi mbele ya watu siwezi kurudi nyuma."

Nikaona sawa, penye nia pana njia. Akafufua mashine ya kwanza. Tukasimama, tukapeana mikono, akamtazama Msusi, akavuta pumzi, akaahidi kupunguza sukari. Ya pili, akaahidi kujifunza kuogelea. Alijifunza, masikini, baada ya kunywa nusu ya bwawa. Ya tatu uso wake uling'aa mpaka nikashika mkono wa Daktari, nikajua leo limetimia. Akafungua mdomo akaahidi kupaka rangi geti langu.

Geti langu sasa linapendeza kuliko nyumba yenyewe. Lakini kila mara nilimwona Msusi akiinua uso, akingoja, kisha akiushusha taratibu na kuanza kupanga skrubu ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Alhamisi moja Msusi akaja dukani kuchukua gauni lake. Akaniambia kwamba mama yake mdogo amempatia chumba cha saluni katika mji mwingine, kikubwa, karibu na soko, na anatakiwa kujibu Jumatatu. Alikuwa ananiambia mimi, ila macho yalikuwa chini ya meza, ambako Bisibisi alikuwa anafuatilia waya. Tukasikia kichwa kikigonga mbao. Akatoka, amekishika.

"Hongera," akasema.

Nilikuwa na sindano mkononi. Mungu anajua jinsi nilivyojizuia.

Msusi akapokea gauni lake. Kisha akaonyesha laptopu kubwa iliyokuwa juu ya meza, ambayo Bisibisi alikuwa ameihangaikia miezi mingi na alipanga kuiwasha Jumamosi.

"Mfuniko wake bado wa njano," akasema. "Niachie niing'arishe, nitaileta keshokutwa."

Akaondoka nayo, ameikumbatia kifuani. Bisibisi akaifuata kwa macho mpaka ikapinda kona. Au alikuwa anamfuata aliyeibeba, sijui.

Ijumaa nilimshika. "Jumamosi ndiyo ya mwisho," nikamwambia. "Akijibu Jumatatu, umebaki na geti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Nimeinama miezi mingapi, dada? Mgongo umekwisha."

"Umeinamia mashine. Muinamie mtu."

Tukafanya mazoezi. Nilimsimamisha mbele ya sanamu ya duka, ambayo ilikuwa imevaa koti la Mwenyekiti lenye mkono mmoja, akaiangalia na kusema, "Naahidi mwaka huu kumuoa Msusi, kama atanikubali." Alisema vizuri sana. Alirudia, mara hii akaweka na mkono kifuani. Nilienda kulala na furaha ya kijinga, nikaanza kushona gauni la harusi kichwani, na shingo nikaibadilisha mara kadhaa.

Jumamosi wote tulifika mapema. Mwenyekiti alikuja na koti lake jingine. Msusi akafika mwisho, ameibeba mashine kwa mikono miwili, imefungwa kwa taulo la saluni. Alipolifunua tukainama kutazama: mfuniko ulikuwa mweupe kama jino lililotoka kwa Daktari. Daktari mwenyewe alikiri.

Bisibisi akachomeka waya. Feni ikakohoa, ikasita, ikashika kasi. Taa ya kijani ikawaka. Ikalia mlio mmoja mfupi, ambao kwa mashine hizi maana yake ni niko mzima, na mimi nilipiga makofi ingawa nilikuwa na pini mdomoni. Tukasimama wote. Daktari alikuwa amekwisha kunyoosha mkono.

"Heri ya mwaka..." tukaanza, tukakwama.

Kioo kilisema ni Jumamosi. Tarehe ya leo, mwezi huu, mwaka huu.

Mwenyekiti akavaa miwani, akaenda hadi kwenye kalenda ya ukutani, akarudi. "Ni sahihi," akasema, kwa huzuni ya mtu aliyetoka kusoma hukumu.

"Nimeweka kibetri kipya," Msusi akasema, bila kumtazama mtu. "Cha zamani kilikuwa kinavuja."

"Basi hakuna mwaka mpya," Mwenyekiti akasema. "Na pasipo mwaka mpya hapana ahadi. Kanuni ni kanuni."

Nilimtazama mdogo wangu. Nilimwonea huruma mpaka nikataka kulia, na papo hapo nikatamani kumkanyaga mguu. Halafu akafanya jambo ambalo ni mtu wa chama hiki peke yake angelifanya. Alichomoa bisibisi mfukoni, akailaza mashine ubavu, akaanza kufungua skrubu. Ilikuwa inawaka. Mtu huyu huwatukana wateja wake wanaofungua jokofu bila kuchomoa waya.

Msusi akaweka kiganja juu ya skrubu.

"Unafanya nini?"

"Nakitoa."

"Kibetri changu?"

"Dakika moja tu. Nakitoa, irudi mwaka themanini, halafu nitakirudisha. Nakuahidi."

"Huko mwaka themanini unafuata nini?"

"Kuna kitu nataka kusema."

"Kumwambia nani?"

Feni ilikuwa inavuma. Mwenyekiti alifungua mdomo, Daktari akamkanyaga yeye.

"Wewe," Bisibisi akasema.

"Mwaka themanini nilikuwa sijazaliwa," Msusi akasema. "Hata mama yangu alikuwa hajakutana na baba. Utafika huko hunikuti. Mimi niko hapa, Jumamosi, na Jumatatu natoa jibu."

Bisibisi akanigeukia, kama alivyokuwa akinigeukia zamani alipoanguka, kabla hajaamua kama atalia.

"Leo ni leo," nikamwambia na pini zangu mdomoni.

"Asemaye kesho ni mwongo," Daktari akamalizia.

Bisibisi akairudisha mashine sawa mezani. Aliendelea kuishika, nadhani ilikuwa inamsaidia kusimama.

"Usiende," akasema. "Hapana, nenda. Chumba ni kikubwa, nenda. Mimi naomba nije na wewe. Majokofu yanaharibika kila mji. Nataka kukuoa. Nimetaka siku zote, kila nikiwasha mashine nataka, halafu nikikuona naongea vitu vingine. Kuogelea bado nazama kidogo. Sukari nimerudia..."

"Sukari umerudia?" Mwenyekiti akauliza, kidole juu.

"...lakini geti nililipaka," Bisibisi akamaliza.

Msusi alijifunika uso na taulo la saluni. Mabega yalikuwa yanatikisika, na kwa muda hatukujua kama analia au anacheka. Alipolishusha tuliona ni vyote viwili.

"Kibetri cha zamani hakikuwa kinavuja," akasema. "Nilikitoa tu. Nimeungoja huo mwaka mpya wako tangu sukari. Leo ungenitajia geti tena ningekupiga na hii mashine, na uzito wake unaujua."

"Hilo ndilo jibu?"

"Ndiyo, nakubali. Twende wote."

Daktari alianza kutupa mikono hewani. Mimi nilikimbia mlangoni na kurudi bila sababu yoyote, nikakimbia tena. Bisibisi alikuwa anacheka peke yake, sauti nyembamba ambayo sijaisikia tangu akiwa na miaka mitano, na kila akijaribu kuacha inarudi.

Kioo kilikuwa bado kinasubiri. Tarehe ya leo ilikaa pale pale, ikiuliza kama tunaikubali au tuna nyingine. Msusi akaushika mkono wa mdogo wangu, akachukua kidole chake cha shahada, wakabonyeza pamoja kile kitufe kikubwa cha kulia. Mashine ikaendelea na kazi zake.

"Wifi," Msusi akaniambia, na kabla ya hapo siku zote alikuwa akiniita dada, "toa hizo pini mdomoni kabla hujazimeza."

Nikazitoa. Ilibidi nizihesabu kwa vidole maana machozi yalinizuia kuona.

Mwenyekiti akakohoa. Alisema kwamba kikanuni hii haikuwa ahadi ya mwaka mpya, kwamba suala la sukari bado liko wazi, na kwamba hajui ataandika nini. Akarudi kwenye mashine yake, ile ambayo haijawahi kukubali kwamba mwaka themanini ulipita, akaitazama tarehe iliyokaa juu ya muhtasari. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akaifuta na kuandika ya leo.