Betri ya Kukimbia Nayo

Umeme ulikatika mara ya tatu, ukameza alama za darasa zima. Kabibi, karani wa shule ya bweni Rumonge, akaipeleka laptopu ya ofisi, ambayo betri yake ilishakufa, kwa Jephté, fundi. Orodha ya alama ilitakiwa kesho yake, la sivyo wanafunzi wangerudia mwaka, na pesa ilitosha kitu kimoja tu.

“Ongeza memori, mama. Itakwenda mbio.”

“Na umeme ukikatika?”

“Itazima.”

Kabibi akachagua betri kubwa. Ilipopachikwa, akaikumbatia laptopu kwa heshima zote, akatimka hadi mlangoni na kurudi.

“Mama, unaniibia?”

“Napima uzito. Asubuhi risasi zimelia Kizuka, hapa jirani. Tukikimbia, alama zinakimbia nasi.”

Akavua viatu vya visigino, akatimka tena. Ndipo akalipa.