Wala Oili Nyuma ya Gereji

Kwa miaka thelathini fundi magari alimwaga oili chafu nyuma ya gereji yake, wala hakuona ubaya, maana kila fundi aliyemjua alifanya hivyo. Alipostaafu na kubomoa banda, mkewe alitaka bustani pale. Akapanda mara tatu, na mara tatu miche ikanyauka. Udongo ulikuwa mweusi, unang'aa, unanuka kama injini.

"Mume wangu, umeniachia kaburi," mkewe alisema kwa upole, na upole huo ulimuuma kuliko tusi.

Mkwe wao, mke wa kifungua mimba wao, alikuwa mpimaji wa udongo katika maabara. Alichota udongo kidogo akautia chupani, na wiki iliyofuata akaja na habari: oili ni nyingi, lakini humo humo wamo vijidudu wasioonekana kwa macho, na chakula chao ni hiyo hiyo oili. Wamelala tu kwa kukosa hewa, maji na mbolea.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akasema kama kuna mdudu mla oili, angeanza na yeye, maana amelowa oili tangu ujana.

"Baba, wewe huwa unaoga," mkwe akamjibu. "Udongo huu haujaogeshwa hata siku moja."

Basi wakaanza. Mzee alilima uwanja wote, akachanganya samadi ya kuku na maranda ya seremala, akanyunyiza maji, na kila Jumamosi akaugeuza kwa koleo. Majirani wakambandika jina: Bwana Samadi. Mgongo uliwaka moto, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akaenda pia kwa mafundi aliowafunza kazi, akawasihi oili chafu waiweke pipani.

Baada ya miezi minne harufu ya injini ilififia. Mkwe akasia nyasi za mizizi mirefu, kwani vijidudu hao hupenda kuishi mizizini. Zikaota kwa mabaka, huku msitu, huku upara.

Mwaka ulipotimia, vipimo vilionyesha oili imebaki sehemu moja ya kumi. Mboga zisubiri, mkwe akaonya, ila maua ruksa.

Mke wa mzee hakungoja. Alichimba shimo la waridi, na kwenye donge la udongo mzee akaona nyungunyungu akijinyonganyonga. Akampokea kiganjani, akamtazama kitambo.

"Karibu," alimwambia. Akamrudisha shimoni taratibu, kisha akaenda kumletea mkewe maji.