Maharage ya Koko Védastine

Maman Micheline alisimama, akajifunga kitenge chake upya. Mama huyo, mkuu wa kikundi cha maombi pale Gihundwe, hajawahi kusimama akaketi upesi. Leo familia ilikuwa inaondoa matanga ya Koko Védastine, bibi yake Umuhire, na hakuna aliyetazamia kwamba Micheline angesema kwa ufupi.

Umuhire alikuwa ameketi kando ya shangazi yake Jolie, mkoba ameubana mapajani. Ndani ya mkoba mlikuwa na kifuko kidogo cha kitambaa.

Asubuhi, walipokuwa wakimenya ndizi uani, Jolie, aliyekuja kutoka Gikundamvura, alimnong'oneza kwamba ana uvimbe kwenye titi. Daktari alikuwa amempangia apasuliwe Jumatatu, naye alikuwa ameapa haendi ng'o.

"Mama alipona bila kisu," alisema. "Mungu wake njo Mungu wangu. Nitafunga kula na Maman Micheline, basi."

"Tantine, Koko alikatwa. Kule Bukavu. Mi njo nilimusindikiza."

Jolie aliweka ndizi chini. "Mama? Ule mwenye alikuwa anaimba mbele ya batu bote, na maziwa yake yote mbili? Usichafue jina ya mama siku ya matanga yake, Umuhire. Utalaaniwa."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hiyo ilikuwa Umuhire peke yake. Koko alikuwa amewaaga majirani akisema anakwenda harusini Bukavu, akavuka daraja la Rusizi amevaa kitenge cha sherehe, mjukuu nyuma yake na mizigo. Alirudi baada ya majuma kadhaa, titi moja limebaki hospitalini. Harusi gani ndefu namna hiyo, hakuna aliyeuliza. Akashona kifuko, akakijaza maharage, akakitia ndani ya sidiria, na Jumapili akawa mstari wa mbele wa kwaya.

"Bwana ameniponya," alishuhudia. Hakusema uongo, hakusema tu Bwana alipitia mlango gani. Yaliyobaki waumini waliyaongeza wenyewe.

Kila msimu alibadilisha maharage, maana wadudu hawajali nani ameokoka. Akishona alizungumza na Mungu kama jirani wa ng'ambo ya ua: "Moja nimekupa. Sauti uniachie." Umuhire alikuwa akicheka mpaka machozi yanamtoka. Jamani, alivyomkumbuka bibi huyo!

Ugonjwa uliporudi ulipitia kwenye ini. "Ini tu," walisema watu wa maombi. Koko akaushika mkono wa mjukuu wake, akauweka juu ya Biblia, akamwapisha asiseme. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kwa Koko hata kifo kilishindwa, kwa sababu aliyeuosha mwili ni Umuhire, mlango umefungwa, na kifuko akabaki nacho.

"Kisu hakikumugusa!" Sauti ya Micheline ilipanda. "Batu ba Mungu, hakikumugusa! Na leo binti yake anashika imani ya mama yake. Jolie, simama!"

Jolie akasimama. Watu wakaitikia amina. Shingo ya Jolie ilikuwa imekonda, na Umuhire akaogopa kweli. Akamkasirikia pia marehemu. Koko, umeniachia mzigo gani huu? Nikisema mbele ya wote, nimekivunja kiapo kabisa. Nikinyamaza, mwakani tutaondoa matanga mengine hapa hapa.

"Naomba neno," alisema.

"Acha Maman amalize," alikemea Mzee Twagirayezu, aliyekuwa akiongoza shughuli.

"Akimaliza nitakuwa nimechelewa, Mzee." Akafungua mkoba. "Koko, unisamehe."

Akatoa kifuko, akakiweka katika kiganja cha Jolie.

"Hii njo ilikuwa titi ya mama yako. Ile ya kweli ilibaki Bukavu."

Kisha Micheline akapiga kelele kwamba huo ni uongo wa shetani, na mtu nyuma akamwambia Umuhire aketi, hana haya. Umuhire hakuketi. Alimtazama Jolie tu.

Jolie alikigeuza kifuko. Kitambaa kilikuwa cheupe chenye maua madogo ya buluu, kipande cha gauni lake mwenyewe la ubatizo, ambalo mama yake alikuwa amemwambia kwamba limeliwa na panya. Akapitisha kidole kwenye mshono. Akakinusa, na midomo ikaanza kumcheza.

"Aliimba na hii?"

"Kila Jumapili."

"Hata ile Pasaka alicheza mpaka kitambaa ya kichwa ikaanguka?"

"Hata ile."

Jolie akacheka, kicheko kikageuka kilio, akaketi na kifuko amekikumbatia kifuani.

"Jolie," aliita Micheline. "Simama, binti yangu. Tuombe."

"Muombe, Maman. Mi pia niko naomba." Lakini hakusimama. Alikuwa akibonyeza kifuko kwa dole gumba, polepole, mpaka unga mweupe ukamdondokea sketini. Akamwinamia Umuhire.

"Hii imeingia bidudu," alisema. "Jumatatu, mbele ya kwenda hospitali, utanitafutia maharagi mupya."